Maziwa ya Bweranyange

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika wa Karagwe. Mfalme aliwapokea kwa Kiswahili kizuri, na Speke akaona vema kulitaja jambo hilo katika kitabu alichochapisha mwaka 1863. Lakini wasomaji wa Ulaya walikishika kitabu hicho kwa habari nyingine kabisa: wanawake wa ukoo wa kifalme waliokuwa wanene kiasi cha kushindwa kusimama.

Speke alikuwa amekwisha kusikia habari zao huko Kaze, Tabora ya leo, kwa mfanyabiashara aliyeitwa Musa. Alipofika alikwenda kumwamkia kaka mkubwa wa Rumanyika. Akamkuta ameketi na mkewe juu ya majani, na mbele yao vyombo vingi vya mti vimejaa maziwa. Mwenye nyumba alimweleza kwamba mwili ule wa mkewe ulitoka katika vyombo vile, na kwamba wasichana huanza kunyweshwa tangu wadogo.

Siku nyingine alimtembelea shemeji mwingine wa mfalme. Akamwomba ampime, naye akakubali kwa sharti kwamba mgeni amwonyeshe miguu na mikono yake ikiwa wazi. Kwa vipimo vya leo, mzunguko wa mkono ulikuwa kama sentimita 58, kifua 132, paja 79, shavu la mguu 51. Urefu aliuandika kama sentimita 173, akikiri kwamba hicho ndicho kipimo asichokuwa na hakika nacho. Pembeni alikuwapo binti yake wa miaka 16, mdomo kwenye chombo cha maziwa, na baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa.

Kurasa hizo zimerudiwa mara nyingi, na karibu kila mara kama kituko. Mimi huumia kila ninapozisoma, kwa ajili ya mama aliyeandikiwa vipimo vitano bila jina, na zaidi kwa ajili ya binti yule na fimbo. Lakini naona pia kwamba maneno ya yule kaka wa mfalme yalikuwa maelezo ya jinsi mwili unavyofanya kazi, na kwamba yalikuwa sahihi.

Tuanze na nyasi, kwa sababu vilima vya Karagwe na Kyerwa vina nyasi nyingi na binadamu hawezi kuzila. Nyuzi za nyasi zimeundwa na sukari iliyofungamana kwa namna ambayo kimeng'enya chochote cha tumbo letu hakiwezi kuifungua. Ng'ombe naye hawezi peke yake. Anafuga bakteria katika tumbo lake la kwanza, nao huzichachua nyuzi zile na kutoa asidi nyepesi, hasa ile ile inayoipa siki ukali wake. Kiwele huichukua asidi hiyo katika damu na kuiunganisha kipande kwa kipande mpaka iwe mafuta ya maziwa. Hivyo ng'ombe wa pembe ndefu wa Omukama walikuwa wakikigeuza kilima kuwa chakula cha binti mmoja.

Maziwa ni maji kwa karibu asilimia 87. Yaliyobaki ni sukari ya laktosi, mafuta, protini na madini, na lita moja hubeba takriban kilokalori 650. Ndani ya utumbo mwembamba, kimeng'enya cha laktesi huikata laktosi kuwa sukari mbili, glukosi na galaktosi. Watu wengi duniani hupoteza sehemu kubwa ya kimeng'enya hicho wakishaacha kunyonya. Kwao laktosi huteremka mpaka utumbo mpana, bakteria wa huko wakaichachua, na tumbo likajaa gesi na kuharisha. Mwaka 2007 kundi la watafiti lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha matokeo ya kuwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua mabadiliko matatu ya vinasaba yanayomwezesha mtu mzima kuendelea kuimeng'enya laktosi, na moja kati yake lilikuwa limeenea kwa kasi katika miaka kama 7,000 iliyopita. Ufugaji ulikuwa umewabadilisha wafugaji wenyewe. Kwa anayekosa urithi huo, maziwa yaliyogandishwa yana nafuu, kwa kuwa bakteria wamekwisha kuigeuza sehemu ya laktosi kuwa asidi.

Glukosi ikiingia katika damu, kongosho hutoa insulini, na protini za maziwa nazo huiamsha sana homoni hiyo. Insulini huiamuru misuli na ini kuweka akiba ya glukosi kwa umbo la glaikojeni. Ila ghala hilo ni dogo: gramu 100 hivi katika ini, na kama gramu 400 katika misuli. Likishajaa, glukosi huchomwa badala ya mafuta, na ikizidi sana ini huigeuza yenyewe kuwa mafuta. Mafuta ya maziwa hayahitaji safari ndefu hivyo. Hufikishwa kwenye seli za mafuta na kupangwa asidi tatu kwa gliseroli moja, na insulini hukaa mlangoni kuyazuia yasitoke. Ghala hili halijai upesi. Seli zake hutanuka, na zikihitajika huzaliwa nyingine.

Sasa tufanye hesabu ya makadirio. Mtu akila kilokalori 1,000 kila siku kupita mahitaji yake, hupata karibu kilo moja ya tishu ya mafuta kila baada ya siku nane, angalau mwanzoni. Akizuiwa kutembea na kufanya kazi, mahitaji yenyewe hushuka, na misuli isiyotumika hupungua nguvu. Kile kikao cha juu ya majani ndani ya nyumba kilikuwa sehemu ya dawa, sawa na maziwa.

Kinachonigusa ni kwamba Ulaya ya wakati ule ilikuwa imetoka tu kubishana juu ya jambo hili hili. Mwaka 1842 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alitangaza kwamba mwili hutengeneza mafuta kutokana na wanga na sukari. Jean-Baptiste Dumas wa Ufaransa na wenzake walishikilia kwamba mnyama huyapata mafuta yakiwa tayari katika mimea. Ilibidi nguruwe wanoneshwe na kupimwa katika shamba la Rothamsted, Uingereza, na Lawes na Gilbert, ndipo upande wa Liebig ukapata nguvu. Claude Bernard aliitenga glaikojeni kutoka katika ini mwaka 1857, miaka minne tu kabla ya Speke kufika Bweranyange. Insulini ilisubiri mpaka 1921. Bweranyange hawakuwa na majina ya vitu hivi, lakini walijua nini kiingie, kwa umri gani, na nini kizuiwe ili mwili uweke akiba.

Maziwa hayo hayakuwa ya kila mtu. Unene ulikuwa tangazo la mifugo ya ukoo. Wakulima wa ufalme ule ule waliishi kwa ebitoke, yaani ndizi za kupika, na maharage. Ndizi ni wanga mwingi na protini kidogo mno, na maharage ndiyo yaliyolifidia pengo. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kupewa ndizi tupu alikuwa hatarini. Ng'ambo ya mpaka, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, Hugh Trowell na wenzake waliwaona watoto wa namna hiyo kwa wingi: miguu imevimba, nywele zimefifia rangi, ngozi inabanduka. Kitabu chao juu ya kwashiakoo kilitoka mwaka 1954. Chanzo cha ugonjwa huo kimejadiliwa sana tangu hapo, lakini tiba iliyowainua watoto wa Mulago ilisimama juu ya maziwa ya unga. Kilichomiminwa kwa fimbo katika nyumba moja ndicho kilichokosekana katika nyumba nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita katika nchi za maziwa makuu na kuua ng'ombe kwa makundi. Mifugo iliyokuwa nguzo ya ufalme ilikwisha, na desturi ile haikuweza kuendelea kama Speke alivyoikuta.

Namrudia binti yule. Speke aliandika kwamba alimshawishi ainuke ampe mkono, naye akainuka. Sura yake ilikuwa nzuri, na mwili ulikwisha kuwa wa duara. Mama yake, katika chumba kile kile, aliweza kujiinua kwa mikono na magoti tu.