Akaunti na Umbali: Mfano wa Kisangani, 1887–2011

Anayetaka kupokea fedha kwa njia ya benki mjini Kisangani leo huhitaji kutaja mfululizo mrefu wa tarakimu: za benki, za tawi, za akaunti yenyewe, na mbili za mwisho za kuhakiki kwamba hakuna iliyokosewa. Mpangilio huo ni wa kisasa, lakini haja yake ni kongwe. Mwenye mali yuko mahali pamoja, mali yake iko mahali pengine, na lazima pawepo kitu cha kuviunganisha.

Tarehe 24 Februari 1887, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alitia saini mkataba na Henry Morton Stanley huko Unguja. Kwa mkataba huo alikuwa liwali wa Maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani ya baadaye, chini ya Dola Huru ya Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Hata hivyo, mshahara haukulipwa Maporomoko. Ulikabidhiwa kwa balozi wa Uingereza huko Unguja, apewe Tippu Tip au wakili wake. Hapakuwa na namba yoyote. Jina la wakili ndilo lililokuwa akaunti.

Utaratibu huu ulijengwa juu ya desturi ya biashara ya pembe za ndovu. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, hasa Taria Topan, walikopesha bidhaa za misafara na kuandika deni na malipo katika madaftari yao. Mfanyabiashara aliyekuwa bara kwa miaka mingi aliliamini daftari asiloliona, kwa kuwa alimwamini mwandishi wake.

Imani hiyo ilikuwa na mpaka. Stanley aliporejea Unguja mwishoni mwa 1889, alimshitaki Tippu Tip katika mahakama ya ubalozi kwa kuvunja mkataba. Zaidi ya pauni 10,000, malipo ya pembe zilizonunuliwa na Dola ya Kongo, zilikuwa mikononi mwa wakili wake, Jaffer Taria, nazo zikazuiwa. Mwenyewe alikuwa bado bara. Wakili hakumdhulumu; mamlaka iliyokuwa karibu na fedha ndiyo iliyozifunga.

Tatizo hilo lilirudi kwa sura nyingine. Desemba 1979 serikali ya Zaire ilifuta noti za zaire 5 na 10, ikatoa siku chache tu za kuzibadilisha. Mwenye noti aliyekaa mbali na dirisha la benki, katika misitu ya mkoa wa Zaire ya Juu ambao Kisangani ilikuwa makao yake makuu, alibaki na karatasi tupu. Mwaka 1993, zaire mpya 1 ilibadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani.

Kuanzia 2011 serikali ilianza kulipa mishahara ya watumishi kupitia benki, ili majina hewa yaondolewe kwenye orodha. Namba ilichukua nafasi ya mhasibu aliyegawa fedha taslimu. Faida yake ni dhahiri. Lakini mwalimu wa kijijini bado alihitaji kulifikia dirisha.

Kwa hiyo, historia ya akaunti Kisangani haipimwi kwa usahihi wa tarakimu peke yake. Inapimwa pia kwa umbali uliopo kati ya mwenye haki na mahali haki hiyo inapolipwa.