Karatasi za visima na ramani za miamba zinavyoingizwa kwenye kompyuta

Kijiji kikichimba kisima kirefu na kikatoka kikavu, gharama hairudi. Mtambo umekuja, dizeli imeungua, michango ya wananchi imekwenda. Wakati mwingine habari za ardhi hiyo zilikuwepo tangu zamani, zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyofungiwa kabatini. Ndiyo maana leo tunaeleza kazi ya kuzihamishia karatasi hizo kwenye kompyuta.

Hapa Tanzania idara ya jiolojia ilianza mwaka 1925, na makao yake yakawa Dodoma, ambako Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) ipo hadi leo. Kwa ajili ya ramani, nchi iligawanywa katika vipande vyenye upande wa takriban kilomita 55. Rangi huonyesha aina ya mwamba. Mistari huonyesha miamba inapokutana na mahali ardhi ilipopasuka.

Karatasi ya kisima ni kitu kingine. Mchimbaji huandika alichokutana nacho akishuka chini. Kwa mfano: mita 0 hadi 6 udongo mwekundu, 6 hadi 28 granaiti iliyooza, 28 hadi 55 granaiti ngumu, nyufa zenye maji kwenye mita ya 41. Huongeza maji yalipotulia, kiasi kinachotoka kwa saa, na kama yana chumvi au floridi nyingi. Kwa maeneo ya granaiti kama Dodoma na Singida, sisi tunaona karatasi hii ina thamani kuliko ramani yenyewe. Huko maji hukaa ndani ya mwamba uliooza na kwenye nyufa. Ukishaingia mwamba mgumu usio na ufa, unachoma mafuta tu.

Kazi huanza kwa skana, na ofisi nyingine huishia hapo zikidhani zimemaliza. Lakini picha ya ramani bado ni picha. Huwezi kuiuliza ni visima vingapi jirani na kijiji chako vilipata maji kabla ya mita 60. Ili ijibu, mtaalamu hutumia alama za latitudo na longitudo zilizo pembezoni mwa ramani kuiweka mahali pake sahihi duniani. Kisha hufuata kila mpaka wa mwamba kwa mkono na kukipa kila kipande jina lake. Karatasi ya kisima huingizwa kwenye jedwali, mstari mmoja kwa kila tabaka. Kompyuta husoma vibaya mwandiko wa mkono, hasa kalamu ya risasi iliyofifia, kwa hiyo macho ya mtu bado yanahitajika.

Hatari kubwa iko kwenye namba zinazoonekana sahihi. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilipimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, wakati simu na GPS hutumia WGS 84. Namba zile zile, zikisomwa kwa mfumo usio wake, hukupeleka karibu mita 300 kutoka mahali penyewe. Kwenye granaiti, hapo umeshaukosa ufa.

Vipimo navyo vinachanganya. Karatasi za zamani huandika futi na galoni. Futi 200 ni mita 61. Anayeandika 200 kwenye safu ya mita amezidisha kina cha kisima zaidi ya mara tatu. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.5 hivi. Mwingizaji makini huhifadhi namba ya asili pembeni ya ile aliyoigeuza, ili mwingine aweze kuikagua.

Kwa kamati za maji: mtambo ukiondoka, bakini na nakala ya karatasi ya kisima yenye tarehe, kina, matabaka, kiasi cha maji, na mahali kwa GPS pamoja na jina la mfumo uliotumika. Ipigeni picha kwa simu, kisha pelekeni nakala ofisi ya RUWASA ya wilaya au Bodi ya Maji ya bonde lenu. Kisima kilichotoka kikavu nacho kiandikwe. Karatasi yake ndiyo rahisi kutupwa, na ndiyo itakayomzuia mwingine kuchimba hapo hapo miaka kumi ijayo.