Zama za Kupangiwa Kazi

Mwanafunzi aliyehitimu Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1970 hakuwa na haja ya kuzunguka na maombi ya kazi. Alisubiri barua ya serikali imjulishe amepangiwa wapi: wizarani Dar es Salaam, kwenye shirika la umma Tanga, au shule ya sekondari huko Songea. Aliyepangiwa mbali na kwao alinung'unika, kisha akafunga mizigo.

Utaratibu huo ulizaliwa na hesabu. Uhuru uliikuta Tanganyika na wasomi wachache mno, na chuo chenyewe kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wanaondoka. Nani angekalia viti vyao? Mwaka 1962 mtaalamu George Tobias alikusanya takwimu za kazi zilizokuwepo na ambazo zingehitajika, na Robert Thomas akafuata na hesabu za Mpango wa Miaka Mitano ulioanza 1964. Kazi zikapangwa kwa herufi: kundi A la wenye shahada, B la waliosoma miaka michache zaidi baada ya sekondari, C la waliomaliza sekondari. Lengo likawekwa kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu.

Hesabu hizo ndizo zilizoamua nani asomeshwe nini. Serikali ilimlipia mwanafunzi, naye akatia saini ahadi ya kuitumikia nchi miaka mitano. Alipoingia darasani, nafasi yake ilikuwa imeshahesabiwa, na kamati maalumu ilimsubiri mlangoni kumgawa.

Ahadi hiyo ilikuwa na bei. Ilipotangazwa kwamba wahitimu wangeingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, kisha wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likakaza zaidi: kijana wa kidato cha sita aende kwanza jeshini, afanye kazi, apendekezwe na mwajiri na chama, ndipo aruhusiwe chuoni.

Na asiye na cheti? Kwake serikali ilikuwa na sura nyingine. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilitaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na vijana waliokamatwa mitaani Dar es Salaam bila kitambulisho walipakiwa kwenye malori kwenda kulima. Anayezikumbuka zama za kupangiwa kazi kwa hamu hana budi kuyakumbuka na malori hayo.

Kisha hazina ikakauka. Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1986, na katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yakabinafsishwa na wafanyakazi wa serikali wapatao 50,000 wakapunguzwa. Ajira ya moja kwa moja kwa wahitimu wengi ikafa. Wakati huohuo wanafunzi walianza kuchangia gharama za masomo, yaani kijana aliambiwa alipie elimu katika zama zilezile alizoambiwa ajitafutie kazi.

Hapo bahasha ya kaki ikashika mitaa ya Posta na Kariakoo. Ndani yake mlikuwa na barua ya maombi iliyoandikwa kwa mkono, nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili, wasifu wa kurasa mbili, na picha ndogo za pasipoti. Mlinzi wa getini aliipokea, akaiweka juu ya nyingine. Matangazo gazetini yalidai uzoefu wa miaka mitatu kwa mtu aliyemaliza chuo mwezi uliopita. Kilichovunjika hapo kilizidi mishahara: hakuna tena aliyehesabu nafasi na watu kwa pamoja.

Daraja jipya lilichelewa. Sheria ya kukuza huduma za ajira ilipitishwa 1999, kituo cha kuunganisha watafuta kazi na waajiri kikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 2001, na mwaka 2008 kikawa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA. Kizazi kizima cha miaka ya 1990 kilipita katikati bila mkono wa kukishika. TaESA ilisajili vijana, ikawafunza kujieleza kwenye usaili na kuwatafutia mafunzo ya utarajali ili wapate uzoefu ule uliodaiwa, lakini haikuwa na nafasi za kugawa. Za serikali ziko mikononi mwa Sekretarieti ya Ajira.

Walimu ndio waliodumu muda mrefu zaidi katika utaratibu wa zamani. Hadi miaka ya 2010 mhitimu wa ualimu alitafuta jina lake kwenye orodha ya wizara, na kando yake akaona halmashauri aliyopangiwa. Orodha zikapungua, kisha zikageuka maombi ya mtandaoni. Januari 2025 walimu waliitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na miongoni mwao walikuwemo waliohitimu karibu miaka kumi kabla.