Kanuni ya Tano ya Euclid na Maana ya Kanuni ya Msingi katika Historia ya Jiometri

1.0 Utangulizi

Kitabu cha kwanza cha Misingi, kazi ya Euclid ya karibu mwaka 300 KK, kinaanza kwa fasili 23: nukta ni kitu kisicho na sehemu, mstari ni urefu usio na upana, na kadhalika. Zinafuata kanuni tano za msingi ambazo msomaji anatakiwa azikubali bila uthibitisho. Nne za kwanza ni fupi: mstari mnyoofu unaweza kuchorwa kutoka nukta yoyote hadi nyingine, mstari wenye mwisho unaweza kurefushwa, duara linaweza kuchorwa kwa kitovu na nusukipenyo chochote, na pembe mraba zote ni sawa. Ya tano ni ndefu: ikiwa mstari mmoja unakata mistari miwili, na jumla ya pembe za ndani za upande mmoja ni ndogo kuliko pembe mraba mbili, basi mistari hiyo miwili, ikirefushwa bila kikomo, hukutana upande huo.

Kwa zaidi ya miaka 2,000 wanahisabati walijaribu kuithibitisha kanuni hiyo kwa kutumia zile nne, wala hakuna aliyefaulu. Historia hiyo mara nyingi husimuliwa kama mlolongo wa makosa uliokomeshwa na karne ya 19. Hoja ya makala hii ni kwamba majaribio hayo yalizalisha maarifa halisi: kila moja lilidhihirisha dhana nyingine yenye nguvu sawa na kanuni ya tano, na kwa njia hiyo likaandaa swali la kanuni ya msingi ni nini hasa.

2.0 Chanzo cha Shaka

Muundo wa kitabu chenyewe ulichochea shaka. Kauli 28 za mwanzo zinathibitishwa bila kanuni ya tano. Inatumika kwa mara ya kwanza katika kauli ya 29, inayohusu mistari sambamba. Aidha, kauli ya 17 inaonyesha kuwa pembe zozote mbili za pembetatu zikijumlishwa ni ndogo kuliko pembe mraba mbili. Kanuni ya tano ni kauli hiyo hiyo iliyogeuzwa, tokeo likiwa sharti na sharti likiwa tokeo. Proclus, katika karne ya 5 BK, alishikilia kuwa jambo la namna hiyo halina budi kuthibitika. Hata hivyo, uthibitisho wake ulichukulia kuwa umbali kati ya mistari sambamba hauwezi kukua bila mpaka, jambo ambalo kanuni nne za kwanza hazilitoi.

3.0 Pembenne ya Khayyam

Ibn al-Haytham (aliyezaliwa karibu mwaka 965) alitumia mwendo: mstari wima unaposogezwa juu ya mstari mnyoofu, ncha yake ya juu huchora mstari mnyoofu mwingine. Omar Khayyam (1048–1131) alipinga kuingizwa kwa mwendo katika jiometri. Katika risala yake ya mwaka 1077 alichora pembenne yenye pande mbili zilizo sawa, zote zikifanya pembe mraba na kitako, kisha akauliza kuhusu pembe mbili za juu. Pembe hizo ni sawa, lakini je, ni mraba, kali au butu? Alizikataa hali mbili za mwisho kwa kutegemea kanuni aliyoinasibisha na Aristotle, kwamba mistari inayokaribiana lazima ikutane. Tofauti yake na Proclus ni kuwa aliitaja kanuni hiyo waziwazi. Hivyo alibadilisha msingi mmoja kwa mwingine, akajua kuwa anafanya hivyo.

4.0 Kutoka Tusi hadi Saccheri

Nasir al-Din al-Tusi (1201–1274) aliendeleza uchunguzi huo. Uthibitisho uliohusishwa na jina lake ulichapishwa kwa Kiarabu mjini Roma mwaka 1594, ukajadiliwa na John Wallis huko Oxford. Wallis mwenyewe alitegemea dhana kuwa kila pembetatu ina nyingine inayofanana nayo ya ukubwa wowote, dhana ambayo nayo ni sawa kimantiki na kanuni ya tano. Gerolamo Saccheri, aliyewahakiki wote wawili, alichapisha mwaka 1733 uchunguzi wa hali zile zile tatu. Hali ya pembe butu aliikanusha kwa hoja sahihi, kwa kuwa mstari ulichukuliwa kuwa na urefu usio na mwisho. Hali ya pembe kali ilimpa kauli nyingi zisizo na mkinzano wowote, lakini mwishowe akaikataa kwa kudai inapingana na asili ya mstari mnyoofu. Hapo mantiki iliiachia nafasi imani.

5.0 Karne ya 19

Nikolai Lobachevsky wa Kazan, mwaka 1829, na János Bolyai, mwaka 1832, waliikubali hali ya pembe kali kuwa jiometri kamili. Humo, kupitia nukta iliyo nje ya mstari hupita zaidi ya mstari mmoja usioukuta ule wa kwanza, na pembe za pembetatu hazifikii nyuzi 180. Mwaka 1854 Bernhard Riemann alitofautisha kukosa mpaka na kukosa mwisho, akafungua njia kwa hali ya pembe butu. Uso wa tufe unatoa mfano: Ikweta na meridiani mbili zilizoachana kwa nyuzi 90 huunda, pamoja na ncha ya kaskazini, pembetatu yenye pembe mraba tatu, yaani nyuzi 270. Mwaka 1868 Eugenio Beltrami alionyesha kuwa mkinzano ndani ya jiometri ya Lobachevsky ungekuwa pia mkinzano ndani ya ile ya Euclid.

6.0 Hitimisho

Kanuni ya tano haithibitiki kutokana na zile nne, na Euclid alikuwa na sababu ya kuiweka mahali alipoiweka. Kilichobadilika ni hadhi ya kanuni za msingi: zilizotazamwa kuwa kweli zilizo dhahiri zikawa masharti yanayobainisha jiometri inayozungumzwa. Kwa hiyo kauli kwamba pembe za pembetatu hujumlika kuwa nyuzi 180 haijakamilika mpaka itajwe kanuni inayoibeba. Hali tatu za Khayyam zilikwisha kuorodhesha uwezekano wote karne saba na nusu kabla ya Lobachevsky. Kilichokosekana ni utayari wa kuikubali hali ambayo haikukanushwa.