Kukomeshwa kwa utumwa Zanzibar

Kukomeshwa kwa utumwa Zanzibar kulifanyika hatua kwa hatua kati ya mwaka 1873 na 1909 katika visiwa vya Unguja na Pemba, kwa mikataba na amri za masultani waliokuwa chini ya shinikizo la Uingereza. Ndani yake ziligongana fikra mbili zilizopata nguvu Ulaya wakati wa Zama za Mwangaza: haki ya uhuru na haki ya mali.

Usuli

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba binadamu ana haki za asili, zikiwemo uhai, uhuru na mali. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, Tamko la Haki za Binadamu na za Raia la mwaka 1789 lilitaja uhuru na mali pamoja. Lakini mtumwa alihesabiwa kuwa mali ya bwana wake, hivyo kumpa uhuru kulionekana kama kumnyang'anya bwana mali.

Fikra hizo hazikuzuia biashara. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alipatana na Sultani wa Kilwa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794, Napoleon akaurudisha mwaka 1802, kisha ukafutwa tena mwaka 1848. Uingereza ilipofuta utumwa kwa sheria ya mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia mabwana. Watumwa hawakupewa fidia.

Kufungwa kwa soko

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Uingereza uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Soko la Mji Mkongwe lilikuwa Mkunazini. Mahali pake lilijengwa kanisa kuu la Anglikana. Hata hivyo, kumiliki watumwa kuliendelea kuwa halali, na mashamba ya karafuu yalitegemea kazi yao.

Amri za 1897 na 1909

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyofanya mahakama zisiutambue tena utumwa. Uhuru haukuja wenyewe: mtumwa alipaswa kwenda kuuomba mahakamani, na kuonyesha kwamba alikuwa na makazi na njia ya kujipatia riziki. Bwana aliyethibitisha hasara yake alilipwa fidia. Masuria hawakuhusishwa na amri hiyo mpaka amri nyingine ilipotolewa mwaka 1909.

Athari

Kwa kuwa waliopata uhuru hawakupewa ardhi, wengi walibaki kwenye mashamba ya mabwana wa zamani. Waliruhusiwa kujenga na kulima mazao ya chakula kati ya mikarafuu, nao wakapalilia mashamba. Walikuwa huru kisheria, lakini riziki yao ilitegemea ridhaa ya mwenye shamba. Migogoro kati ya wakulima wasio na ardhi na wenye mashamba iliendelea hadi miaka ya 1950. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 serikali ilitaifisha ardhi na kugawa mashamba ya eka tatu tatu kwa familia za wakulima.