Wakala wa Kazi, Zamani na Sasa

Msomaji, siku zako za shule zinaelekea ukingoni. Punde si punde utafunga vitabu vyako, na kesho yake utaanza kutafuta kazi. Katika kutafuta huko huenda ukakutana na mtu atakayekuambia kwamba anaijua kazi iliko na kwamba yu tayari kukupeleka. Mtu huyo siye atakayekuajiri. Yeye ni mtu wa kati tu. Hapana ubaya katika kuwa na mtu wa kati, maana mwenye kazi na mwenye haja ya kazi mara nyingi huwa mbalimbali, na hapana budi awepo wa kuwakutanisha. Lakini utamjuaje aliye mwaminifu? Swali hili si geni katika nchi yetu. Wazee wetu walikutana nalo kabla yetu, na wengi wao walilipa gharama kubwa kabla ya kupata jibu. Basi na tuitazame historia yao.

Tuanze na lugha yenyewe. Waswahili husema kwamba mtu "ameandikwa" kazi, na mtu wa kazi ya kutwa humwita kibarua, neno ambalo asili yake ni barua ndogo. Lugha yetu yatukumbusha kwamba kazi na maandishi ni ndugu. Lakini tutaona kwamba maandishi hayamlindi kila mtu. Humlinda yule ayaelewaye, aliyeyakubali kwa hiari, na aliye na nakala yake mkononi.

Katika mwaka wa 1896 ilianza kujengwa reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, nayo ilifika ziwani mwaka wa 1901. Watu wengi wa kuijenga waliandikwa Bara Hindi, wapata 32,000 kwa jumla. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee wa Karachi alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuwaleta. Kabla ya hapo, sheria ya Bara Hindi haikuruhusu watu kuandikwa kwa kazi za Afrika ya Mashariki, na ilibidi irekebishwe mwaka ule wa 1896. Mapatano yalikuwa ya miaka mitatu, kwa mshahara, posho ya chakula, na nauli ya kurudi kwao.

Usidhani kwamba mapatano hayo yaliwaepusha na taabu. Wapata 2,500 walikufa, na maelfu wengine walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Karatasi haizuii homa, wala haizuii simba wa Tsavo. Hata hivyo liangalie jambo moja: aliyemaliza muda wake alikuwa na haki ya kurudi kwao bila kulipa nauli, na haki hiyo ilikuwa imeandikwa kabla hajapanda merikebu. Wengi waliitumia, wapata 7,000 hawakuitumia, wakakaa katika nchi hii. Yaani walikuwa na njia mbili, wakachagua.

Sasa uwatazame Waafrika waliotakiwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka wa 1901, nayo ilidai fedha. Asiyekuwa nazo hakuwa na njia nyingi ila kwenda kuzitafuta kwa mwajiri. Hapo ndipo walipotokea waandikaji wa watu, wakizunguka vijijini. Mwandikaji hakulipwa kwa sababu ya uzuri wa kazi, bali kwa hesabu ya vichwa. Kadiri alivyopata watu wengi, ndivyo alivyopata fedha nyingi. Na mtu akiisha kufikishwa shambani, kazi ya mwandikaji imekwisha. Akimkuta mwajiri mkali, chakula haba, au mshahara uliopungua, hayo si shauri lake tena.

Tena sheria ya mwaka wa 1906 iliyohusu mabwana na watumishi ilifanya kuacha kazi kabla ya muda kuwa kosa la jinai. Fikiri maana yake. Mtu aliyedanganywa na mwandikaji aliweza kufungwa gerezani kwa sababu ya kuutoroka udanganyifu ule, hali aliyemdanganya yuko kijijini akitafuta mwingine. Malalamiko yalizidi hata Serikali ikaweka tume ya kuchunguza habari za kazi, iliyosikiliza mashahidi wengi katika miaka ya 1912 na 1913. Ilisikia habari za waandikaji waovu, na za machifu na wazee waliowashurutisha watu kwenda. Lakini moja katika matokeo yake halikuwa faraja kwa mfanyakazi: ilitungwa sheria ya mwaka wa 1915 ya kuwaandikisha Waafrika.

Sheria hiyo ilianza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nayo ndiyo iliyoleta kipande. Kila Mwafrika mwanamume aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kukichukua. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara wake, na siku za kuanza na kuacha kazi. Wengi walikivaa shingoni katika kikebe cha chuma. Hapa palikuwa na maandishi, tena mengi! Lakini aliyeyaandika ni mwajiri, na aliyeyabeba ni mfanyakazi. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu yule hakuweza kuandikwa mahali pengine kwa halali. Kipande kilimfunga mfanyakazi, wala hakikumfunga mwajiri.

Mnamo Oktoba 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maofisa wa Serikali wawahimize machifu na wazee kutoa watu wa kazi kwa walowezi, hata wanawake na watoto pale ambapo mashamba yalikuwa karibu. Wakubwa walisema kwamba huko ni kutia moyo tu, wala si kushurutisha. Lakini chifu aliyejua kwamba jina lake litaripotiwa asipotoa watu, naye aliye mtawala wao, angetofautishaje moyo na shuruti? Mtu akija kukuandika kazi, nawe huwezi kusema "sitaki" pasipo hofu, huyo si mwandikaji bali mshikaji.

Katika mwaka wa 1921 walowezi waliazimu kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Harry Thuku, kijana aliyekuwa na kazi ya simu katika ofisi ya Serikali mjini Nairobi, alianzisha chama cha kupinga mambo haya: kipande, kodi, kazi ya shuruti na kupunguzwa kwa mishahara. Mwaka huohuo Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa makoloni, aliagiza kwamba maofisa wa Serikali wasiwaandikie watu waajiri binafsi. Hata hivyo Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi wakidai aachiliwe, na mama mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwatia ushujaa wanaume waliosita. Bunduki zikalia, watu wasiopungua 20 waliuawa, na Muthoni miongoni mwao. Kipande chenyewe hakikuondolewa mpaka mwaka wa 1947.

Labda utasema, "Hayo yalikuwa ya wakoloni, nasi sasa tuko huru." Ni kweli, lakini mtu wa kati bado yupo. Siku hizi mawakala huwaandika vijana wetu kwa kazi za Saudia, Qatar na nchi nyingine za Ghuba. Wengi wamepata riziki na kuwajengea wazazi wao. Wengine walifika wakapewa mkataba usiofanana na ule waliotia sahihi nyumbani, au wakanyang'anywa pasipoti. Katika mwaka wa 2014 Serikali yetu ilisimamisha kupelekwa kwa wafanyakazi huko na kufuta leseni za mawakala, kisha ikaifungua tena njia hiyo kwa masharti mapya.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 imejifunza kutokana na yaliyopita. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yapaswa kuwa na mkataba wa maandishi, na asiyeielewa lugha ya mkataba lazima aelezwe kwa lugha anayoijua. Mkataba wa kazi ya nchi za nje lazima uthibitishwe na ofisa wa kazi, ambaye atahakikisha kwamba mtu amekubali kwa hiari, pasipo ulaghai wala shuruti. Na wakala hana budi kusajiliwa na Serikali.

Basi, msomaji, historia imekupa maswali manne. Kwanza, nani anamlipa wakala huyu, na kwa kitu gani? Anayelipwa kwa vichwa tu hana sababu ya kukuhurumia ukiisha kufika. Pili, mkataba uko wapi, na nakala yako iko wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari, nayo nguvu yako ndiyo mali yako ya kwanza. Tatu, njia ya kurudi ni ipi, na nani atakayelipa nauli? Nne, je, waweza kusema "sitaki" leo, na kesho ukabaki salama?

Wakala mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Atakuonyesha cheti chake cha usajili, atakungoja uende ukaulize katika ofisi ya kazi, na atakuacha uusome mkataba pamoja na wazazi wako. Mdanganyifu atakuharakisha; atasema kwamba nafasi ni moja nayo inakwisha jioni. Kuuliza si ujinga. Wazee wetu wengi walitia alama ya kidole gumba katika karatasi wasizoweza kuzisoma, mbele ya watu wasioweza kuwauliza neno. Wewe umefundishwa kusoma, na sheria imekupa ruhusa ya kuuliza. Soma, uulize, ndipo utie sahihi.