Chujio la hewa la gari dogo la mbio: lipi lafaa Waa?

Mwenye Swift Sport au Vitz RS akitaka kuongeza nguvu, mara nyingi huanzia kwenye chujio la hewa, ambalo mafundi huliita ea klina. Machaguo ni manne.

La karatasi, lililokuja na gari: hukamata vumbi vizuri na ni rahisi. Likichafuka, weka jipya.

La pamba yenye mafuta, kama K&N ya Marekani: hukaa kwenye boksi lile lile, huoshwa na kutumika tena. Mafuta yakipungua, vumbi hupita. Yakizidi, huchafua sensa ya hewa.

La koni, lililo wazi: lina mngurumo, lakini chini ya boneti huvuta hewa ya moto. Joto likipanda nyuzi 3, uzito wa hewa hupungua takriban asilimia 1, na nguvu nayo hushuka.

Paipu ndefu ya hewa baridi: huvuta hewa chini karibu na bampa. Hewa ni nzuri, ila wakati wa masika ukiingia dimbwi, injini yaweza kunywa maji na konrodi kupinda.

Kwa injini isiyo na turbo, faida ya haya yote ni ndogo. Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga ni lami, lakini ukikunja kuingia vijijini Waa wakutana na vumbi na mchanga. Mchanga ukipita chujio hula ringi na silinda, kisha injini huanza kula oili.

Basi bakia na boksi lake na karatasi safi, na wakati wa kaskazi likague kila mwezi. Mngurumo hausukumi gari.